Ombi la Nakala

Kwa Ofisa wa Habari,
Ofisi ya Ruzuku ya Wazee, Arua.
Mimi Letasi Driciru, mkazi wa Oli,
muuza angara sokoni, meza ya tatu toka bombani,
naomba, kwa mujibu wa sheria,
nakala ya fomu ya Bibi Onziru.

Barua hii niliiandika mara nne.
Ya kwanza ilinuka samaki;
karani aliishika kwa ncha za vidole
akasema haina namba ya kumbukumbu.
Ya pili haikuwa na sababu.
Nikamwambia, sheria haidai sababu.
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kiti anachokikalia.
Ya tatu ilipotea.
Ya nne nilikataa kuondoka
mpaka agonge muhuri kwenye nakala yangu,
naye akaugonga kama anayeua mende.

Siku ishirini na moja, akasema.
Nikaanza kuhesabu.

Bibi Onziru hahesabu kwa siku.
Anasema bendera ya Mwingereza iliposhushwa
alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni.
Kwa hesabu ya kadi yake
siku ile alikuwa na miaka kumi na mmoja.
Kadi haina haya.
Kila malipo yakija anafuatana na wenzake hadi kaunti ndogo,
amevaa gauni la kanisani,
anasimama kwenye foleni, anaambiwa: bado mdogo, mama.
Anarudi na mkoba ule ule,
ndani mna leso na kadi inayomsingizia ujana.

Siku ya thelathini na nne waliniita.
Bahasha ya kaki, haikuwa hata na gundi.
Sikungoja kufika nyumbani,
nilifungulia pale pale kwenye ngazi,
mlinzi akinisogeza kwa fimbo nisizuie njia.

Karatasi moja. Dole gumba, jeusi, limeteleza kidogo.
Kuzaliwa: tarehe 1 Januari 1951.
Nikaisoma ile moja.
Ina kofia, na chini ina kiatu,
kama masista wa Ediofe walivyotufundisha,
na Oli nzima
hakuna mwingine anayeivisha moja viatu
ila mimi.

Wiki tatu, mwaka ule wa kuandikisha watu.
Turubai, meza ya kukodi, kalamu iliyofungwa kwa uzi.
Mkubwa wetu alitaka fomu themanini kwa siku,
na posho ilifuata fomu.
Umezaliwa lini? Sijui, mwanangu.
Wakati wa nini? Wa mtama.
Mwandikie tu, mkubwa alisema, foleni imefika barabarani.
Nikainua macho, nikaona mama amesuka nywele,
anacheka, meno yote yapo.
Nikampunguzia miaka kumi,
kama mchuuzi anayempunguzia mteja mwenye uso mzuri.

Nimetembea hadi kwake bila kupitia sokoni.
Nimemwekea karatasi mapajani, nikamweleza, sikuficha.
Alilisugua lile dole kwa dole lake,
kana kwamba analitafutia ndugu.
Akanyamaza hadi maji ya enya yakachemka, yakamwagika, yakazima moto.
Ndipo akasema:
Kwa hiyo ni wewe uliyenifanya msichana.
Sikujua nicheke au nipige magoti.
Akasema tena, huku akipuliza makaa:
Nyuma yangu alisimama Bako. Nyuma ya Bako, mzee Andama,
yule aliyekufa mwaka jana akiwa bado mdogo.
Hao nao uliwapunguzia ngapi?

Kwa Ofisa wa Habari.
Mimi Letasi Driciru, mkazi wa Oli,
naomba nakala za fomu zote za parokia yetu,
za wiki zile tatu, zenye moja iliyovaa kofia na kiatu.
Najua sheria haidai sababu.
Lakini mmeacha mstari mtupu pale chini,
nami nimeujaza, nikageuza karatasi,
naendelea nyuma.